Kiganja Begani

Ijumaa moja mwezi wa Februari, saa nane mchana, baba yangu alikuwa amesimama karibu na gati la Kisumu, kanzu nyeupe mwilini na juu yake koti la kijivu ambalo limenizidi umri. Alikuwa ametoka msikitini moja kwa moja. Rafiki yangu mmoja anayewatembeza wageni wa mji alikuwa ameniomba nimlete. Kuna kikundi kidogo kutoka Roanoke, jimbo la Virginia, Marekani, wanataka kumsikiliza mzee aliyefanya kazi kwenye meli za zamani. Mimi nitakuwa mkalimani.

Wageni walimsalimu kama watu wanavyomsalimu siku hizi, kwa tabasamu pana na sauti ya juu. Naye akawaitikia kwa kichwa, bila kusikia hata neno moja.

Mmoja wao alikuwa amebaki nyuma. Mama wa miaka 70 hivi, Mmarekani Mweusi, ambaye asubuhi ile muuza samaki alikuwa amemsemesha Kidholuo akidhani ni wa hapa hapa. Huyu hakupaza sauti. Alizunguka akaenda upande wa kushoto wa baba, akamwekea kiganja begani, akangoja. Baba alipogeuka, yule mama alirudi nyuma hatua moja, akasogea mpaka jua likampiga usoni, ndipo akafungua mdomo.

"Habari ya mchana," akasema, kwa Kiswahili cha kukariri.

"Nzuri, mama. Karibu Kisumu."

Alisikia. Au tuseme aliona.

Sikufurahi. Nilishtuka, kama mtu aliyerudi nyumbani akamkuta mgeni jikoni, na mgeni yule anajua sukari inakaa wapi.

Udugu wa mameya

Nimelelewa Kaloleni, mtaa mmoja wa Kisumu, na maneno "mji dada" nimeyasikia tangu utotoni bila kuyauliza kitu. Kisumu ina ndugu kadhaa ng'ambo: Roanoke tangu miaka ya 1970, Cheltenham huko Uingereza, na baadaye Boulder katika jimbo la Colorado. Hospitali yetu kuu tunaiita Russia mpaka leo, kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na kufunguliwa mwaka wa 1969. Jina la ubaoni limebadilika mara kadhaa, lakini mwambie mtu wa boda akupeleke Russia, uone kama atakuuliza swali. Baba mwenyewe husema, "Kesho naenda Russia wanitazame masikio."

Lakini udugu wa miji niliuona kuwa ni wa mameya. Wanatia sahihi, wanapeana zawadi, wanapigwa picha, na picha inatundikwa ofisini mpaka kioo chake kinaota vumbi. Mimi ni mwalimu wa historia huku Nakuru. Nimewahi kuwaambia wanafunzi kwamba kwa upande wa Marekani wazo hili lilipewa nguvu na Rais Dwight Eisenhower mwaka wa 1956. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimekwisha miaka 11 tu, na yeye, jenerali wa vita hivyo hivyo, alitaka raia wa kawaida wa nchi mbalimbali wajuane wenyewe bila kungoja serikali zao. Nililisema hilo kwa dakika mbili, nikageuza ukurasa.

Sikuwahi kujiuliza huyo raia wa kawaida ni nani.

Baada ya siku ile ya gatini nikaanza kusoma habari za Roanoke usiku, watoto wakishalala. Nilitaka kujua mama yule ametoka mahali pa namna gani. Kabla ya mwaka wa 1882 mji wenyewe uliitwa Big Lick, yaani mahali pakubwa pa kulamba, kwa sababu wanyama walikuja pale kulamba chumvi ya ardhini. Reli ilipopachagua pawe njia panda yake, jina likabadilishwa. Nikakumbuka kwamba na sisi, reli ilipofika tarehe 20 Desemba 1901, tuliandikwa kwenye ramani Port Florence, kwa heshima ya Florence Preston, mke wa mhandisi wa reli. Tofauti ni kwamba jina letu halikushika. Watu waliendelea kupaita walivyopaita zamani, mahali pa kwenda kutafuta chakula na kubadilishana mali, na mwishowe ramani ikawafuata.

Roanoke walijenga garimoshi kwa mikono yao. Kichwa cha mwisho cha mvuke kilitoka katika karakana za mji ule Desemba 1953, na kimoja cha mwaka wa 1950, nambari 611, wamekitunza mpaka leo. Treni ya abiria iliwakatikia mwaka wa 1979 wakaishi bila treni miaka 38, ikarudi Oktoba 2017. Yetu ya kutoka Nakuru hadi Kisumu, kilomita 217, ilirudi Desemba 2021 baada ya ukimya wake.

Siku ile treni iliporudi, baba aliniomba nimpeleke stesheni aione ikiingia. Watu walikuwa wamejaa, wengine na watoto mabegani. Honi ilipolia kwa mbali, kila mtu aligeuka isipokuwa yeye. Kisha nikamwona anakanyaga kisigino chake sakafuni, polepole, kama anayejaribu kiatu kipya.

"Inakuja," akasema.

Umepika nini?

Kelele kubwa ya miaka mingi, kama ile ya kazi ya baba, huua vinywele vidogo sana vilivyo ndani kabisa ya sikio, na vikifa havioti tena. Vinavyotangulia kufa ni vya sauti nyembamba. Humo ndimo zinamokaa s, f, t na k. Vokali, ambazo sauti yake ni nene zaidi, hubaki. Ndiyo maana kumpigia kelele mtu wa namna hii hakumfai. Unamwongezea a na u ambazo anazo tayari, na kile alichokikosa kinazidi kupotea humo humo ndani ya kelele.

Na Kiswahili chetu kila silabi karibu yote inaishia kwenye vokali. Asiyesikia konsonanti anabaki na wimbo usio na maneno. Paka, taka, saka, kaka: zote kwake ni kitu kimoja.

Mwaka juzi nilimpigia simu nikishuka kwenye matatu Nakuru.

"Baba, nimefika."

"Umepika nini?"

Siku hiyo nilicheka mpaka machozi. Nikawasimulia wenzangu kazini. Mara ya pili nikatabasamu. Mara ya tano sikutabasamu, nilipaza sauti, na kupaza sauti kukawa ndiyo njia yangu ya kuzungumza na baba hata nikiwa nimeketi mbele yake. Halafu simu zikapungua. Nikaanza kumtumia ujumbe mdogo wangu anayeishi naye: mwambie baba hivi, muulize baba vile.

Sikuacha kumpenda. Niliacha kumsemesha.

Na tulikuwa na adabu yetu! Nilipokuwa mtoto, mama alitufundisha kwamba baba haitwi kwa nyuma. Unamzunguka, unamwekea kiganja begani, si kumgonga, kumwekea, unangoja ageuke, unasimama penye mwanga aone mdomo wako. Usiku taa ya chemli ilisogezwa mezani kumwelekea anayezungumza, kwa hiyo kila mmoja wetu alipotaka kumwambia baba jambo, taa ilisukumwa upande wake. Nakumbuka joto lake shavuni nilipokuwa namwambia nimefaulu mtihani wa darasa la nane.

Niliondoka nyumbani, nikasoma, nikaolewa. Stima ikaingia na chemli ikaenda stoo. Mama akafariki. Hakuna aliyetangaza kwamba ile adabu imekwisha. Ilikwisha tu, kama maji ya mtungi yanavyokwisha wakati kila mmoja anadhani mwingine atachota.

Ndiyo niliyoiona gatini, ikifanywa na mtu aliyetua nchini siku tatu kabla.

Dunga

Nilimuuliza jioni, tulipokuwa ufukweni Dunga tunakula ngege, samaki wa ziwa letu. Wenzake walikuwa wamekwenda kupanda mashua. Nikamuuliza bila kuzunguka: ulijuaje?

Aliweka chini kipande cha ugali. Akasema baba yake alikuwa mtu wa boila, yale matangi ya chuma ya kuchemshia maji ya mvuke, kama baba yangu.

Nadhani aliona usoni mwangu kwamba halihitaji kuelezwa, kwa sababu alianza kusimulia kama watu wanaokumbushana. Kwao, chakula kikiwa tayari, mama yao hakuita. Alikanyaga sakafu ya mbao mara mbili kwa kisigino, na baba akaja. Nikamwambia kwetu sakafu ilikuwa ya saruji, haipitishi kitu, kwa hivyo tuligonga meza. Kwao redio ilikaa chumba cha watoto kwa sababu baba aliiwasha mpaka majirani wakaja. Kwetu ilikaa nje kwenye kibaraza, na majirani walikuja pia, lakini walikuja kusikiliza taarifa ya habari. Alisema harusini kwake baba yake alicheza muziki vizuri kuliko wote, mkono mmoja umeegemea ukuta.

"Baba yangu pia," nikasema, nikanyamaza, kwa kuwa nilikuwa sijalifikiria jambo lile maishani mwangu mpaka dakika hiyo. Kwenye sherehe yeye huketi karibu na ngoma kubwa, kitu kinachowakera wazee wenzake. Nilidhani ni upendo wa ngoma.

Yule mama alizaliwa mwaka wa 1955, katika mtaa wa Weusi upande wa kaskazini-mashariki mwa Roanoke. Mwaka huo huo ndio mtaa ulipoanza kubomolewa. Nyumba yao haipo. Barabara yao haipo. Sehemu ya mahali pale pamesimama ukumbi mkubwa wa mji uliofunguliwa mwaka wa 1971. Alilisema hilo kwa utulivu, akitazama ziwa, gugumaji limejikusanya ufukweni kama shamba la mboga. Kisha akasema kilichobaki cha nyumba ile ni jinsi ya kumgusa mtu bega, na kwamba tangu baba yake afariki hakuwa amepata wa kumgusa hivyo.

Nilinawa mikono mara mbili kabla ya kupata la kusema.

Msaidizi

Kesho yake alikuja nyumbani Kaloleni. Baba alikuwa ameamka mapema kunyoa ndevu.

Niwaeleze kazi yenyewe, maana wengi wetu tunaishi na vyuma hivi bila kujua vilishikanaje. Meli za mvuke za ziwa letu zilijengwa ng'ambo, zikavunjwa vipande, zikaletwa Mombasa kwa bahari na Kisumu kwa treni, zikaungwa upya hapa. Usoga na Rusinga, meli mbili dada za miaka ya 1910, zilitoka Paisley, Uskoti. Kila kipande kiliunganishwa na kingine kwa ribiti, pini nene ya chuma yenye kichwa. Ribiti inapashwa moto mpaka inakuwa nyekundu, inapitishwa tunduni, kisha inahitaji watu wawili. Mmoja yuko nje na nyundo, anaiponda ncha yake ipanuke ikamate. Mwingine yuko ndani, anakandamiza kichwa cha ribiti kwa kipande kizito cha chuma ili isirudi nyuma. Kwenye boila, huyu wa ndani amekaa tumboni mwa chungu cha chuma. Kila pigo la nyundo linapita mikononi mwake na kichwani mwake, na mwangwi hauna pa kutokea.

Baba aliingia kazini mwaka wa 1964 akiwa na miaka 19. Alikuwa mwembamba. Mwembamba ndiye anayetumwa ndani.

Aliajiriwa kwa cheo cha msaidizi. Chini ya ukoloni kazi na mishahara ilikuwa imepangwa kwa rangi: Mzungu juu, Mhindi katikati, Mwafrika chini, na Mwafrika akiujua ufundi kiasi gani alibaki msaidizi. Uhuru ulikuwa na mwaka mmoja tu na mlango ulikuwa ukifunguka polepole. Wake ulifunguka mwaka wa 1971. Alipewa karatasi inayosema yeye ni fundi wa boila. Ameitia fremu, na iko juu ya mlango wa chumba chake, mahali ambapo watu wengine huweka picha ya harusi.

Mgeni wetu aliiona. Alisimama chini yake kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

Baba yake alikuwa msaidizi wa fundi wa boila miaka yote ya mvuke. Chama cha mafundi wa boila cha Marekani kwa miongo mingi hakikumpokea Mweusi kuwa mwanachama kamili, na bila chama hakuna cheo. Aliwafundisha kazi vijana ambao baadaye wakawa wakubwa wake. Sheria ya kupiga marufuku ubaguzi kazini ilipokuja mwaka wa 1964, kwao boila zilikuwa zimekwisha. Garimoshi za mvuke zilikoma kwao mwaka wa 1960. Mlango ulifunguliwa chumba kikiwa kitupu.

Mwaka ule ule, 1964, mvulana mwembamba wa Kisumu alikuwa anaingia tumboni mwa boila kwa mara ya kwanza.

Nilitafsiri yote haya. Nilisahau, nikaanza kumtafsiria baba kwa sauti ya juu, na yule mama, bila kunitazama, akanisukuma bega kidogo kuelekea dirishani, kwenye mwanga. Nikashusha sauti. Nikazungumza polepole, midomo wazi.

Baba alifuata kila neno. Nilipomaliza aliinua uso akaitazama fremu, kisha akamtazama mgeni, kisha mimi.

"Muulize," akasema. "Baba yake alikuwa wa ndani au wa nje?"

Nikamuuliza. Alifungua mdomo, akaufunga. Hakujua. Miaka yote ile, na hakuwahi kumuuliza baba yake alikuwa upande gani wa chuma.

Kilichonisumbua

Walirudi kwao Jumapili. Mimi nikarudi Nakuru kusahihisha mitihani, na kwa majuma manne sikupata utulivu.

Kwanza nilijiambia nimelikuza jambo. Mwalimu mwenzangu wa fizikia nilipomsimulia alisikiliza vizuri, halafu akauliza: mafundi wa boila wangapi duniani walikuwa viziwi? Swali la haki. Nikatafuta, nikakuta kwamba mwaka wa 1886 daktari mmoja wa Glasgow, Thomas Barr, aliwapima mafundi wa boila 100 wa mji wake akakuta masikio yao yameharibika vibaya sana. Glasgow! Paisley, ilikotoka Usoga, iko kando yake tu. Kwa hiyo huenda masikio ya baba yana ndugu huko kabla ya kuwa na ndugu Virginia. Na hata ule upande wa kushoto, ambao ulinitia baridi mwilini siku ile, ulikuwa bahati: sikio bora la baba yake pia lilikuwa la kushoto, akaenda huko kwa mazoea. Lingekuwa la kulia, angeenda upande mbaya, na pengine nisingemtazama mara ya pili.

Lakini tarehe ile ya Barr ilinifanyia kitu kingine. Nilitoa miaka, 1886 kutoka 1964. Ni 78. Miaka 78 kabla ya baba yangu kuingia ndani ya boila, ilikuwa imekwisha andikwa kwamba wanaofanya kazi hii huwa viziwi. Nilikaa na hesabu hiyo jikoni mpaka chai ikapoa.

Nilisumbuliwa pia na upande wa udugu wenyewe. Yeye aliweza kuja. Alikata tiketi akapanda ndege. Baba yangu, mwenye miaka 81, hataiona Roanoke. Kuna viza, kuna nauli, kuna magoti. Tunasema miji dada kana kwamba dada hawa wanatembeleana sawa, lakini mmoja ndiye mwenye miguu. Sina jibu la hilo, na sitaki kulifunika kwa sababu tu nilipata kitu kizuri ndani yake. Natamani siku moja wazee wetu ndio wawe wanaoshuka upande ule na kuulizwa kazi yao ilikuwaje.

Na mwisho, lile nililolizunguka muda wote.

Niliona wivu.

Niliona wivu kwa jinsi baba alivyomgeukia yule mama, uso wazi, bila ile tahadhari anayokuwa nayo kwetu. Maana sisi wanawe tumemfanya aogope kuulizwa. Kila swali letu limekuwa mtihani na kila jibu lake la makosa limekuwa hadithi ya kuchekesha. Ile ya "umepika nini" niliisimulia mimi, harusini kwa binamu yangu, yeye akiwa ameketi meza ya mbele. Watu walicheka. Na yeye alicheka pia, kwa kuwa aliona watu wanacheka.

Nimeandika sentensi hiyo na kuifuta mara nne wiki hii. Sasa naiacha.

Ndani au nje

Ujumbe wake uliingia juma la tano, Jumanne usiku, kwenye WhatsApp. Alikuwa amemtafuta mdogo wa baba yake, mzee wa miaka 93 aliye bado hai, aliyefanya kazi karakana moja na kaka yake. Alikwenda kwake, akamwekea kiganja begani, maana na yeye ni wale wale, na akamuuliza swali la baba yangu jinsi lilivyo.

Jibu lilikuwa fupi. Ndani. Kila mara ndani. Wa nje ndiye aliyekuwa na cheo.

Ningeweza kumtumia mdogo wangu ampe baba habari. Kidole kilikuwa tayari kwenye jina lake. Nikaweka simu chini, na Jumamosi nikapanda matatu ya kwanza ya Kisumu.

Nilipofika baba alikuwa kibarazani, mgongo umenielekea, anachambua maharagwe kwenye sinia. Nilivua viatu sijui kwa nini, labda kwa sababu tulipokuwa watoto tulikuwa pekupeku. Nikamzunguka kwa kushoto. Nikaweka kiganja begani. Koti lile la kijivu limekuwa jembamba, nikausikia mfupa wake chini ya kitambaa, na nikangoja.

Aligeuka. Hakushtuka hata kidogo. Nikarudi nyuma hatua moja, jua likanipata usoni.

"Baba, nimefika."

Alinitazama mdomo. Alichukua muda.

"Umefika," akasema.

Nikaketi chini mbele yake, nikampa ujumbe kutoka Roanoke, neno moja moja, midomo wazi, sauti ya kawaida. Nilipofikia neno "ndani" nililisema mara moja tu. Halikuhitaji kurudiwa. Aliacha kuchambua. Aliokota punje moja ya maharagwe, akaibana kati ya kidole gumba na kiganja kama mtu anayezuia kitu kisirudi nyuma, akaishikilia hivyo, mkono ukitetemeka kidogo, huku akitazama barabarani ambako watoto wa jirani walikuwa wanasukuma tairi.

Kisha akairudisha kwenye sinia.

"Mwandikie," akasema. "Muulize kama walikuwa wanatia pamba masikioni. Sisi tulitia ile ya kufutia mafuta. Mwambie kwetu haikusaidia."

Nikatoa simu. Akasogeza kiti chake, akaniwekea kiganja begani, akasoma kila nilichokuwa naandika.

"Na mwambie," akasema tena, "fundi ni yule wa ndani."